Timu ya Nane

Mwezi wa tano 2025 nilipewa kazi ya kuandika maneno 1,200 juu ya swali ambalo halifai kumkosesha usingizi mtu anayeishi Githurai: Pac-12, ligi ya vyuo vikuu vya pwani ya magharibi ya Marekani, imchukue nani awe timu yake ya nane ya futiboli? Malipo yalikuwa dola 24. Mteja alitaka jedwali. Kila chuo kipewe alama: ukubwa wa soko la runinga, ushindi wa miaka ya karibuni, uwanja, bajeti, umbali wa safari. Mwishoni nimtaje mmoja.

Nikafanya. Kwa kazi hii yangu nishaandika kuhusu paa za nyumba za Ohio na bima ya paka, na sijawahi kukaa na paa wala paka kichwani baada ya pesa kuingia. Hii ilikataa kutoka. Sababu moja ni kwamba jedwali kama hilo nilikuwa nimeshalitengeneza mara moja maishani, na halikuwa la vyuo.

Wacha nieleze kwanza, maana wengi wetu ukisema futiboli tunawaza Arsenal. Hii ni ile ya helmeti na mpira wenye umbo la yai. Marekani chuo kikuu huwa na timu ya mchezo huo, na Jumamosi mji mzima hujaa uwanjani, wazee na vitoto, watu ambao hawajawahi kukanyaga darasa la pale. Vyuo hujiunga kwa vikundi, na kikundi ndicho huuza haki za kuonyesha mechi kwa runinga kisha kugawana pesa. Wao wanaita konferensi, mimi nitasema ligi. Hakuna kupanda wala kushuka daraja. Ukiwa mbovu ndani, unabaki ndani. Ukiwa moto nje, unabaki nje mpaka mtu akualike. Kwa hivyo maisha yote ya chuo, kuanzia mshahara wa kocha hadi kama kutakuwa na timu ya mbio, yanategemea wenzako wanakuonaje.

Pac-12 ilianza 1915 ikiwa na vyuo vinne: California, Washington, Oregon, na kile ambacho leo ni Oregon State. Washington State ikaingia 1917. Baadaye wakaja wakubwa wa Los Angeles, USC na UCLA, na wengine. Miaka zaidi ya 100. Wengine wetu hatuwezi kutaja jina la babu wa babu, lakini hawa wanaweza kukuambia nani alimfunga nani 1920.

Tarehe 30 Juni 2022, USC na UCLA zikatangaza zinaenda Big Ten, ligi ya vyuo vya kati ya nchi ambayo mwaka huo huo ilitia sahihi mikataba ya runinga ya zaidi ya dola bilioni 7. Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, Colorado ikatoka. Tarehe 4 Agosti 2023, siku moja tu, Oregon, Washington, Arizona, Arizona State na Utah zikaondoka. Tarehe 1 Septemba, Stanford na California zikapokewa na ACC, ligi ambayo A yake ni Atlantiki. Stanford iko upande wa Pasifiki, kwa hivyo msichana wa voliboli atavuka bara zima akacheze, arudi afanye mtihani. Hakuna aliyecheka, maana hesabu zilikuwa zimekubali.

Wakabaki wawili: Oregon State, iliyo Corvallis, na Washington State, iliyo Pullman.

Hapa ndipo nilisimama nikaenda kununua mandazi. Kwa sababu hawa wawili hawakuwa wabovu. Novemba 2022 Oregon State iliifunga Oregon 38 kwa 34, na msimu huo ikamaliza na ushindi wa mechi 10. Miezi tisa baadaye, aliyefungwa akapewa tiketi ya ligi ya matajiri na aliyemfunga akaachwa stendi. Zimekuwa zikicheza tangu 1894, na toka chuo kimoja hadi kingine ni kama kilomita 65. Kosa la Oregon State ni kuwa Corvallis ina watu wasiofika 70,000. Pullman ni mji mdogo zaidi, katikati ya mashamba ya ngano. Runinga hununua macho, na huko macho ni machache.

Kwa hivyo jedwali la mteja wangu halikuwa geni. Ni lile lile lililowaua hawa wawili, na sasa wao ndio walikuwa wamelishika.

Maana sheria inasema ligi ya daraja la juu lazima iwe na timu nane za futiboli, na ukipungukiwa unapewa miaka miwili ya kujipanga. Mwaka wa kwanza, 2024, wawili hawa hawakuwa na watu wa kucheza nao. Jirani mmoja akawafungulia mlango. Mountain West, ligi ya vyuo vya milimani na majangwani, yenye timu 12, ilikubali kuwapa mechi za msimu huo. Haikuwa bure, walilipa karibu dola milioni 14. Na kwa kuwa Mountain West si wajinga, waliweka kifungu: mkichukua timu yetu, mnalipa dola milioni 10 kwa ya kwanza, na ada inapanda nusu milioni kwa kila inayofuata. Wawili wakatia sahihi.

Tarehe 12 Septemba 2024, msimu wenyewe ukiwa umeanza tu, Pac-12 ikatangaza imechukua Boise State, San Diego State, Fresno State na Colorado State, zitakazoingia 2026. Siku chache baadaye ikachukua Utah State. Tano. Ukijumlisha ada ni dola milioni 55, na Pac-12 ikaenda kortini kusema kifungu kile ni haramu.

Ukitazama kama mtu wa mizani, walichagua vizuri sana. Boise State haina mjadala: ile timu ya uwanja wa nyasi za buluu ambayo mwanzoni mwa 2007 ilimpiga Oklahoma 43 kwa 42 kwa mchezo wa ujanja ambao watu bado wanausimulia, na ambayo msimu wa 2024 ilifika robo fainali ya ubingwa wa taifa, na mkimbiaji wake Ashton Jeanty akimaliza na yadi 2,601. San Diego State inarudisha kusini mwa California, iliyopotea USC na UCLA walipoenda, na uwanja wake ulifunguliwa 2022. Fresno ni bonde la wakulima ambako timu ya chuo ndiyo kila kitu. Colorado State, kusema ukweli, haijashinda cha maana kwa miaka mingi, na iliingia kwa sababu iko saa moja na kitu kutoka Denver na ina uwanja mpya. Utah State nayo ni mji mdogo wa bondeni, na hapo mizani ililegezwa kidogo, maana namba ilikuwa inahitajika. Kisha wakaleta Gonzaga, ambayo haijacheza futiboli tangu 1941 lakini kwenye basketiboli imefika fainali ya taifa mara mbili, 2017 na 2021. Huo, kwangu, ndio uliokuwa usajili wa akili kuliko wote, kwa sababu ni wa kwanza uliofanywa bila kuiga waliowaacha.

Saba za futiboli. Ikabaki moja, na hapo ndipo mimi na dola zangu 24 tuliingia.

Wagombea wangu: Memphis, ambayo ilishawahi kukataa 2024 pamoja na Tulane, South Florida na UTSA. UNLV ya Las Vegas, iliyochagua kubaki Mountain West. Sacramento State, ya daraja la chini, iliyokuwa ikibisha hodi kila mlango. Na Texas State, iliyo San Marcos, katikati ya Austin na San Antonio, ambayo imekuwa daraja la juu tangu 2012 tu na haina historia ya kumtisha mtu. Nikaipa Texas State alama za juu kwa sababu ya neno Texas. Vijana wanaocheza vizuri wako huko, na runinga ziko huko. Tarehe 30 Juni 2025 wakaichukua. Nilipatia, na mteja akanitumia emoji ya moto.

Lakini wakati natafuta habari za Pullman nilikutana na jina ambalo sikutarajia: Henry Rono. Unajua hadithi, au babako anaijua. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, mtu wa Nandi alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, kuruka viunzi na maji mita 3,000, mita 10,000, na mita 3,000. Kile ambacho sikujua ni kwamba alikuwa mwanafunzi wa Washington State. Rekodi ya mita 10,000 aliyoivunja ilikuwa ya Samson Kimobwa, Mkenya mwingine wa chuo hicho hicho. Miaka ya tisini mwishoni akaja Bernard Lagat. Yaani kimji cha ngano kisicho na macho ya kutosha kwa runinga ndicho kilitulelea hao.

Rono alifariki Februari 2024, miezi michache kabla chuo chake kianze msimu wa kwanza wa kuachwa. Kwenye jedwali langu hakukuwa na safu ya kumweka. Nilijaribu, naapa. Niliandika aya moja kuhusu mbio, mteja akaifuta na kuandika pembeni: haihusiani. Na kwa maana yake alikuwa sawa. Mbio hazileti pesa, futiboli ndiyo hulipia mbio. Juni 2025 Washington State ikatangaza inaacha michezo ya kurusha na kuruka, timu ya riadha ijikite hasa kwenye mbio ndefu. Kwa hivyo mtoto wa Kapsabet bado anaweza kupata nafasi. Wa kurusha mkuki, ajipange.

Sasa swali. Je, aliyeachwa anaruhusiwa kuacha?

Nilisoma falsafa mihula mitatu kabla karo haijanitoa, na kitu kimoja nilichobaki nacho ni John Rawls na pazia lake la kutojua. Anasema ukitaka kujua kama kanuni ni ya haki, jifanye hujui utakuwa nani ndani yake. Hujui kama utazaliwa Oregon au Oregon State. Je, ungekubali kanuni ya kwamba mwenye soko dogo anaachwa hata akishinda? Mtihani wenyewe sikuufanya, lakini jibu liko wazi. Na Oregon State hata haikuhitaji kujifanya. Ilishakaa upande wa pili wa pazia, mwaka mzima, ikihesabu mechi. Halafu ikachukua kanuni ile ile na kuwatumia Wyoming, Nevada, New Mexico, San José State.

Watu wengi niliosoma wanaishia hapo: nyinyi, kati ya watu wote, mlipaswa kujua. Mimi nilianza kuamini hivyo, kisha nikaona kuna kitu kimepinda. Mbona tunamdai aliyeumia wema kuliko tunavyomdai aliyemuumiza? Big Ten walichukua wanne na hakuna anayewauliza kuhusu huruma. Tunasema hiyo ni biashara. Maskini akifanya biashara hiyo hiyo tunamwambia amesahau alikotoka. Hiyo si haki, ni tabia yetu tu ya kutaka maskini watufundishe adabu ambayo sisi hatuna mpango nayo.

Tena ukifukua historia, hakuna aliye safi. Mwaka 1959 ligi mama ya Pac-12 ilivunjika kwa kashfa ya kuwalipa wachezaji kisiri, na vyuo vitano vikubwa vikaunda mpya. Washington State ikaachwa nje, Oregon na Oregon State pia. Pamoja nao kulikuwa na Idaho, mwanachama tangu 1922. Washington State ikaitwa 1962, hao wawili 1964. Idaho haikuitwa tena. Kutoka Pullman hadi Moscow, mji wa Idaho, ni kama kilomita 13, pungufu kidogo ya Githurai hadi mjini. Washington State iliingia ndani na miaka 60 haikushika mkono wa jirani. Mountain West wenyewe walizaliwa vyuo vinane vilipotoroka ligi yao ya zamani, WAC, iliyokuwa na 16, wakaanza kucheza 1999. Na baada ya kuporwa 2024 walienda wakachukua UTEP kutoka Conference USA. Texas State ilipoondoka Sun Belt, Sun Belt ikachukua Louisiana Tech kutoka hapo hapo Conference USA. Ni kama kiti cha matatu: mmoja akisogea, kila mtu anasogea, na yule wa mwisho anasimama akishikilia paa.

Kwa hivyo, hapana, kuachwa hakukupi deni la ziada. Kama ningeishia hapo ningelala vizuri.

Shida yangu ni ule mwaka mmoja. Oregon State na Washington State hawakuwa watu baki kwa Mountain West. Walikaa kwao. Ndiyo, walilipa, lakini anayekukodisha kitanda wakati nyumba zote zimekufungia si sawa na hoteli. Walipewa mechi wakati mechi ndizo zilikuwa uhai, na waliweka sahihi kwa kifungu kilichosema, kwa lugha ya mawakili, usitupore tukiwa tumekukaribisha. Mwenye deni si aliyeumia. Ni mgeni. Na kulikuwa na njia nyingine, ya kuwachukua wote 12 na kuwapa lile jina la zamani, ligi moja ya watu 14 wasio na macho mengi. Pesa kwa kila mmoja zingekuwa chini. Boise ingenung'unika, pengine ingetoka. Sisemi ingekuwa rahisi. Nasema ilikuwepo, na kila nikiisoma hoja ya kuikataa, ni hoja ile ile iliyotumwa Corvallis mwaka 2023.

Utaniuliza, na wanariadha wao je, si wana haki ya kupiganiwa? Wanayo. Rais wa chuo ana vijana mia tano wanaomtegemea, hawezi kuwaambia mfe njaa ili mimi niwe mtu mzuri. Hapo sina jibu kamili. Najua tu kwamba hata ukiwa na sababu nzuri ya kumvunjia mtu ahadi, ahadi imevunjika, na wewe ndiye uliyeivunja. Ukienda kortini kuomba uambiwe haikuwa ahadi, hapo unakuwa umeongeza kitu kingine.

Jedwali langu la kwanza lilikuwa la watu. Baada ya kutoka kampasi tulikuwa sita kwenye akaunti moja ya kuandika, tukigawana kazi na bando. Wawili waliokuwa na Kizungu cha kunyooka wakaenda na mteja mkubwa usiku mmoja, bila kwaheri, wakajitoa kwa grupu. Tukabaki wanne na akaunti inayokufa. Mimi na mwenzangu tukakaa chini na laptopu tukapima: nani anaandika haraka, nani harudishiwi kazi, nani ana stima ya uhakika. Tulichukua watu wawili kutoka kikundi cha Rongai. Kutoka kwetu tukachukua mmoja. Aliyebaki alikuwa jamaa wa Kitale, mpole, anayeandika polepole kama anachonga. Alama zake zilikuwa za chini na jedwali halikudanganya.

Kile ambacho jedwali halikuwa na safu yake ni kwamba karo iliponitoa nilikaa kwake miezi mitatu. Kodi sikulipa. Yeye ndiye alinionyesha jinsi ya kufungua akaunti, na laptopu niliyoitumia kumpima alikuwa ameniuzia kwa bei ya kuombana, nusu yake sijamaliza. Alipouliza kwa grupu kama kuna kazi wiki hiyo, niliona. Tiki mbili za buluu. Sikumjibu, na nilijiambia hayo si maamuzi yangu peke yangu, ni ya kikundi, na kikundi lazima kiwe na nguvu. Na kikundi kilipata nguvu. Tunalipa kodi kwa wakati. Siwezi kukudanganya kwamba iliharibika.

Baada ya kulipwa zile dola 24 nilimtumia elfu moja mia tano kwa M-Pesa, na ujumbe mrefu ambao sasa nikiusoma naona aibu, una Rawls ndani yake. Nilimweleza kuhusu Pullman na Moscow na zile kilomita 13. Nilimwambia kuna kazi ya nafasi moja, kama anataka.

Alijibu baada ya siku mbili. Alisema ameona pesa, asante. Kazi, ataangalia, kwa sasa yuko Kitale anasaidia kupanda. Kisha akauliza kama ile herufi E ya laptopu bado inakwama.

Nikamwambia bado.